Uji Usio na Mkono wa Mama

Nikisema mama yangu alipika uji mzuri kupita wote katika Katanga, kuanzia mpaka wa Rhodesia hadi huko kaskazini ambako treni yenyewe huchoka, msinibishie. Wengi waliouonja wamekwisha kufa, na mtu ambaye hakuuonja hana la kusema. Ulikuwa uji wa mahindi, unga uleule wa posho ambao kampani iligawia kila nyumba ya kambi yetu hapa Elisabethville, kwa hiyo mstari mzima wa nyumba ulikunywa uji wa gunia moja. Lakini mama alikaanga kalanga, ndizo karanga za watu wa pwani, akazitoa jikoni kabla hazijawa nyekundu, akazitwanga, akazitia pale uji unapoanza kupumua. Halafu chumvi ya vidole viwili, halafu kifuniko. Alipofunua, harufu ilitoka mlangoni, ikavuka barabara, ikaingia katika nyumba za waliokesha kiwandani na kuwaamsha kabla hawajalala. King'ora cha kampani kilikuwa kazi bure upande wetu.

Ndivyo nilivyoumbwa, nikisimulia lazima niongeze maji chunguni. Ila haya ninayosimulia sasa hayahitaji maji. Ni habari ya namna baba alivyoachishwa uji ule, na mimi nikaachishwa pamoja naye.

Mama alikufa mvua zilipoanza. Homa ilimshika siku ya kufua nguo, na ilipomwachia tulikuwa tayari tunamtafutia kitambaa cheupe. Tulimzika katika tope jekundu, viatu vya watu vikazama, na waliobeba jeneza walitembea kama wanaoiba. Kilio kilipokwisha, wanawake walikunja mikeka yao, nyumba ikabaki na wanaume wawili. Mimi nilikuwa kijana wa kuoa lakini bado sijaoa. Mchana nilikuwa karani katika stoo ya mizigo ya reli, na nilikuwa nimemaliza shule ya usiku ya mapadri na kupata cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani. Niliandika kwa mashini upesi hata karatasi zilitoka na joto. Baba alikuwa mtu wa tanuru, pale chini ya bomba refu la moshi. Tangu ujana wake aliyeyusha shaba ya wengine, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imekauka ikawa kama ya kenge.

Asubuhi ya kwanza baada ya kilio, mimi ndiye niliyepika uji. Nilitwanga kalanga vizuri, nikajisifu moyoni. Baba alikuja, akaangalia sufuria, akachukua sufuria nyingine, akapika uji wake mwenyewe wa unga na maji tu, mweupe, bila chumvi, bila kalanga. Akakaa kwenye kizingiti, akaunywa akiitazama njia.

Nilijua sababu. Kwa watu wa mama, kaskazini, mwanamume aliyefiwa na mke hali kitu chenye ladha mpaka ndugu wa marehemu waje kumlisha. Wanasema mkono wa mke hubaki katika ulimi wa mume hata baada ya kuzikwa. Siku ya kumlisha, dada au mdogo wa marehemu anampikia chakula alichokula asubuhi zote za ndoa yake, ila anakitia ladha mpya, ladha ambayo marehemu hakuwahi kuitia. Anamwekea kijiko mdomoni kwa mkono wake, mbele ya watu, anamwuliza: unaijua? Akijibu siijui, marehemu amemwachia. Tangu hapo atakula chumvi, atakula nyama, ataoa akitaka. Akijibu naijua, basi mke bado amemshika, na kijiko kinarudi chunguni mpaka siku nyingine.

Padri aliposikia alisema hayo ni mambo ya kizamani. Baba alimsikiliza kwa heshima, akapiga magoti, akapokea komunyo, akarudi nyumbani kunywa uji mweupe.

Kama tungekuwa na nafasi ya kungoja, ningekaa kimya. Lakini mkataba wa baba ulikuwa unakaribia kwisha, na kabla ya kuandikiwa mwingine kila mtu wa tanuru alipita kwa daktari wa kampani. Walimpandisha juu ya mizani kama gunia, wakamgonga kifua, wakamshika mikono. Aliyeonekana dhaifu hakufukuzwa, hapana, Wazungu wale hawakupenda neno hilo. Alipewa tikiti ya treni, na nyumba yake ikapakwa chokaa kwa ajili ya mwingine. Kijijini kwa baba hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumwita jina. Aliokuwa nao wote walikuwa hapa: mimi juu ya ardhi, na mama chini yake.

Na baba alikuwa anakauka. Mtu hawezi kusimama mbele ya moto wa shaba na tumbo la unga na maji. Mkanda wake niliutoboa tundu jipya, kisha jingine, mpaka ncha ikawa inaning'inia kama mkia.

"Baba," nilimwambia asubuhi moja, "tia hata chumvi kidogo. Nani atakuona?"

"Ulimi yangu itaona."

"Munganga hapimake ulimi. Anapimaka kilo."

"Ile mukanda yako, ile karatasi ya shule ya busiku, njo ilikufundisha kama muntu iko kilo?"

"Ilinifundisha kama muntu mwenye kufwa njaa anakufwa."

"Mi siko na njaa," alisema. "Niko nangojea."

Ndugu za mama walikuwa wamepelekewa habari, ya kifo na ya daktari pia. Nilimpa neno mtu wa kutia makaa katika treni ya kaskazini, naye akaliacha stesheni kwa muuza samaki, naye akalibeba mpaka kijijini. Jibu lilirudi kwa njia ileile, jeusi kwa makaa: mdogo wa mama atakuja, lakini anangojea karatasi ya njia. Nyakati zile mtu hakupanda treni kwa sababu tu dada yake amekufa. Ilibidi mkuu wa wilaya akubali kwamba amekufa kweli, kisha muhuri upigwe, kisha mwenye muhuri arudi kutoka safari. Nafikiri kuna watu walioanza kungoja karatasi zile wakiwa vijana na wakazipokea wana mvi.

Mimi sikuzaliwa na subira. Mjini, katika duka la Mgiriki mmoja, niliona bati lenye picha ya mtoto wa Kizungu mwenye mashavu kama maboga. Nikauliza ni dawa ya mashavu? Mgiriki akasema ni kakao, Wazungu wanatia katika maziwa, na watoto wao wanatia katika uji wa asubuhi. Nikayaangalia mashavu yale, nikayakumbuka mashavu ya baba, nikanunua.

Nilitaka kuijaribu kwanza. Jumapili, baba akiwa bado hajaamka, nilipika uji na kutia kakao kwa ukarimu wa mtu anayepaka ukuta. Uji ulibadilika rangi ukawa kama Mto Lubumbashi baada ya mvua. Nikaonja. Uchungu ulinishika nyuma ya masikio na kunivuta. Niliapa kwamba Mgiriki ameniuzia rangi ya viatu. Kisha nikakumbuka sukari, nikatia, nikakoroga, nikaonja tena. Sasa kulikuwa na kitu, sijui nikiiteje: kama dawa iliyooa asali, na ndoa yenyewe si ya furaha, lakini ni ndoa. Kijiko cha tatu kilipita chenyewe.

Baba alitoka chumbani akafuata harufu. Nilimpa kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, akakileta karibu na pua, akakaa hivyo kitambo. Nilidhani nimeshinda.

"Hiyi umetosha wapi?" aliuliza, yaani nimeitoa wapi.

"Mu duka, baba. Iko ya Bulaya. Kunywa, itakurudishia nguvu."

Alikirudisha kikombe mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Mukono yako haiko mukono ya kunilisha," alisema. Akachukua sufuria yake ndogo.

Bati nikaliweka juu ya kabati. Mvua ziliendelea, tope likapanda mpaka dirishani, na kila asubuhi tulikaa katika chumba kimoja na uji wa aina mbili. Mimi nilikunywa wa kalanga. Sikujua kwamba ni akiba inayokwisha, la sivyo ningekunywa polepole.

Mama mudogo, yaani mdogo wa mama, alifika bila taarifa, kapu kichwani, miguu imevimba kwa safari. Mwanamke mzee wa nyumba ya pili alikuwa bombani anachota maji. Alipomwona anapanda mstari wetu aliacha ndoo ijae na kumwagika. Walifanana hivyo. Mwendo uleule, wa mtu anayebeba kitu hata akiwa hana mzigo. Mimi niliyekuwa nikimngoja kwa hamu nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango.

Baba alitoka. Shemeji kwetu hawasalimiani kwa adabu. Mdogo wa mke ana haki ya kumtukana bwana wa dada yake, na asipomtukana ndipo kuna ugomvi.

"Huyu njo bwana ya dada?" mama mudogo alimwuliza yule mzee wa bombani. "Mi nilifikiri banaanika samaki ya posho ku mulango."

"Ingia, bibi mudogo," baba alisema. "Umechelewa. Wenye kukuya na miguu balifika zamani."

"Mi nilikuwa nangojea karatasi. Muzungu alisema dada haikufwa, kwa sababu hakuna mukanda."

"Angekuya huku. Ningemuonyesha."

Hapo mzaha ukakatika. Mama mudogo akatua kapu, akamshika baba mabega, akayaminya kama mtu anayenunua kuku. Akanigeukia mimi.

"Kazi ya munganga ni wakati gani?"

"Iko karibu, mama mudogo. Mwezi hii."

"Basi tumulishe kesho."

Jioni ile alikaa chini karibu na jiko la makaa, nyayo zake zikielekea moto. Kabla ya kupika alipaswa kujua nini asipike. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: nyumba inamwambia kila ladha ambayo marehemu aliitia katika chakula kile, naye anazitupa moja moja mpaka ibaki ile isiyoguswa. Alikuwa ameleta kapuni asali ya porini na ulezi wa kijijini, ana hakika navyo, kwa sababu mjini, alisema, nani anapata asali?

"Asali, dada alitiaka?"

"Alitiaka," nilijibu. "Wakati nilikuwa na kikohozi. Muntu moja wa kijiji ya Kaponda alikuwa analeta."

Akasukuma asali pembeni.

"Ulezi?"

Baba alisema, "Mwaka ya njaa, ya vita, mahindi ilikosa. Alipika ulezi."

"Ndizi?"

"Ndizi pia," nilisema. "Nilipotoka meno. Yeye mwenyewe aliniambia."

"Maziwa?"

"Ya masista, ya bati."

"Ndimu?"

Baba alicheka, kicheko kifupi kisicho na sauti. "Alipokuwa na mimba ya huyu. Ndimu mu uji, ndimu mu bukari, ndimu mu maji ya kuoga. Nilifikiri nitazaa ndimu."

Tuliendelea. Mawese, aliyatia. Majani ya mchaichai, aliyatia. Mzizi wa munkoyo, ule unaofanya uji uwe kinywaji chenye ukali kidogo, aliutia kila sikukuu. Mdalasini wa duka la Mhindi, aliutia mara moja akasema unanuka sakristia. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha, nami nilikuwa natafuta ladha za ajabu ili mama mudogo ashangae: pilipili, aliitia, mafua. Baadaye sikucheka tena. Kila kitu tulichokitaja kilikuwa na mkono wa mama ndani yake. Tulikuwa tukiitembea dunia nzima ya chakula tukitafuta mahali ambapo hakufika, na kila tulipofika tulikuta amepika na kuondoka.

Mama mudogo alifunika kapu lake. Kisha akasema, kwa sauti ya kuchoka, "Na hata ningepata kintu, mukono ni moja. Sisi tulifundishwa na mama moja. Nikipika, atasikia dada."

Ndipo nikakumbuka kabati. Nilishusha bati, nikalifuta vumbi. Mama mudogo alilifungua kwa kijiko, akanusa, akapiga chafya ambayo ilitikisa taa.

"Hiyi njo nini?"

"Kakao. Iko ya Bulaya."

"Dada alitiaka?"

"Hapana. Mi nilinunua nyuma ya kilio. Haikuingiaka mu nyumba hii."

Alimgeukia baba, kwa sababu jibu la mtoto halitoshi. "Shemeji?"

Baba alikuwa akiangalia nje, ambako hakukuwa na kitu ila giza na maji yanayodondoka kutoka ukingo wa paa. "Mutoto amesema," alijibu.

"Basi njo hii." Mama mudogo alifunika bati. Akanitazama, na uso ule wa mama ulikuwa mgumu kuutazama karibu hivyo. "Unajua kesho, kisha kumulisha, kalanga hazitapikwa tena mu uji ya nyumba hii. Ile ni chakula yake. Anaenda nayo."

"Hata mimi?"

"Nyumba ni moja, mutoto wangu."

Nilikuwa nimesoma hesabu, jiografia ya Ubelgiji na mito yake yote, na sikuwa nimefikiri jambo hilo rahisi. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Badala yake nilikwenda kuangalia kalanga zilizobaki.

Asubuhi, kabla king'ora hakijalia, nilipika sufuria ndogo ya uji wa kalanga. Mama mudogo aliniona, hakunikataza. Alisimama mlangoni akinipa mgongo mpaka nilipomaliza. Niliharakisha, kalanga zikaungua kidogo. Ule wa mwisho haukuwa mzuri, na huo ndio ninaoukumbuka ulimini kuliko yote.

Baadaye walikuja mashahidi: yule mzee wa bombani, na wanaume wachache wa tanuru waliotoka misa, kofia mkononi. Baba alivaa shati alilovaa siku ya maziko. Aliketishwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kama mtoto. Mama mudogo alileta uji wa kakao katika bakuli la mbao, na sukari nilikuwa nimempimia mwenyewe. Kijiko cha kwanza alikimwaga kizingitini, kwa mwenye nyumba aliyetoka. Cha pili alikula mwenyewe, akakunja uso, na mzee wa bombani akasema kwa sauti ya chini, "Masikini, chakula ya Bulaya." Cha tatu alikipeleka mdomoni mwa baba.

Baba alikipokea. Alifumba macho. Koo lake halikupanda wala halikushuka, alikuwa amekishika kijiko kizima mdomoni, na machozi yakatoka chini ya kope bila uso wake kubadilika.

"Unayijua?" mama mudogo aliuliza.

Mtu mmoja alikohoa. Juu ya paa mvua ilianza tena, kidogo, kama mtu anayemwaga mchele.

"Shemeji. Unayijua?"

Nilimwangalia baba na nikawa naiona treni. Niliona nyumba yetu imepakwa chokaa, mwanamke nisiyemjua anafagia kizingiti. Nilisema moyoni: sema, baba, sema. Ni maneno machache. Hata mtoto anaweza.

Alimeza.

"Siyijui," alisema.

Mzee wa bombani alipiga kigelegele kimoja, kikavu, kisha akalia. Mama mudogo alimtia baba chumvi juu ya ulimi kwa kidole, watu wakala uji uliobaki wakipokezana bakuli, na kila mmoja alitoa maoni yake: mmoja alisema ni kama kahawa iliyofiwa, mwingine akaomba cha pili. Kinu cha kutwangia kalanga kilifungwa katika kitambaa pamoja na mwiko wa mama. Mama mudogo aliondoka navyo kwa treni. Stesheni alimtukana baba mara moja tena, kwa wajibu, lakini sauti haikuwa na nguvu, na mimi nilibaki nikiutazama mwendo ule ukipanda behewa.

Kuanzia hapo baba alikula. Alikula nyama ya posho, alikula samaki, alikula bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo mpaka sufuria ikalia. Alikula kama anavyofanya kazi, bila kusema. Siku ya daktari nilimsindikiza. Walimpima, wakamgonga, wakamgeuza. Alipotoka alinionyesha karatasi. Nilimsomea kwa sauti, polepole, kama alivyopenda: anafaa kwa tanuru. Aliikunja, akaitia katika kofia.

Tulirudi kwa miguu tukiuzunguka ule mlima mweusi wa takataka za shaba. Sehemu ya juu ilikuwa bado inawaka, wametoka kumwaga. Mimi nilikuwa nikiongea, nikisema kwamba mizani imepiga kelele kwa uzito wake, kwamba daktari ameogopa mikono yake. Baba akasema katikati ya maneno yangu, "Mama yako alitiaka ile kintu."

Nilisimama.

"Kakao?"

"Mbele ya weye kuzaliwa. Muzungu wangu wa tanuru alitugawia shokola siku ya Noeli, kadogo hivi. Nilibeba mu kofia, ikayeyuka. Nilifika ku nyumba, kofia yote ni tope. Mama yako alikwangua na kidole, akatia mu uji. Tulikunywa sufuria moja." Alitembea kidogo. "Alisema: haiko muzuri, kalanga inaipita. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Baba. Siku ile uliuliziwa."

"Niliuliziwa."

"Na ulisikia?"

"Nilimusikia yeye," alisema. "Alikuwa mu kijiko. Hakuwa mbali."

Cheti changu hakikuwa na somo hilo. Nilimwuliza kwa nini basi alijibu vile. Alinitazama kama ninavyowatazama watu wanaouliza treni inakwenda wapi wakati wameshika tikiti.

"Ningesema nayijua, bibi mudogo angerudia kwao. Mi ningebakia na uji mweupe, munganga angenipa tikiti. Ule wa ku kaburi, ningemwachia nani?" Kisha akasema, "Nilimukana sababu nibakie naye. Sijui kama iko njia. Lakini niliona hii moja tu."

Hakulizungumza tena mpaka kufa kwake.

Posho iliendelea kuja na kalanga kila juma, kampani haikujua mila zetu. Baba alizipeleka kwa mzee wa bombani. Asubuhi nyingine, upepo ukiwa upande huo, harufu ilitufikia, si sawa kabisa na ile ya mama, lakini jamaa yake, na mimi nilifunga dirisha, au nililiacha wazi, kutegemea na moyo wa siku hiyo. Nilimwonea baba wivu, na ni ajabu mtu kumwonea wivu mfiwa. Yeye alikuwa na mama katika kakao, alimkuta pale kila asubuhi, kwa siri, dhidi ya ndugu zake wote. Kwangu mimi kakao ilikuwa kakao. Mkono uliokuwa wangu ulikuwa katika kalanga, na nilikuwa nimeupika haraka, ukaungua.

Asubuhi baada ya siku ya daktari nilipika kama kawaida, nikakoroga mpaka mabonge yakaisha, nikatia kakao na sukari. Baba aliongeza chumvi ya vidole viwili. Aliunywa wote akiitazama njia, akakwangua kikombe kwa kidole.

"Iko muzuri, baba?" nilimwuliza.

"Haiko muzuri," alisema. "Kalanga inaipita."

Akavaa kofia, akaenda kwenye moto.